Silinda Isiyowaka: Jinsi ya Kuitambua na Kuitengeneza Injini Inayomisi

Gari la silinda nne ambalo silinda yake moja imeacha kuchoma mafuta hujitangaza lenyewe. Likisimama huku injini inazunguka, usukani hutikisika mikononi, na sauti ya ekzosi, ambayo inapaswa kwenda mfululizo, huwa na pengo linalojirudia kama mpiga ngoma anayeruka pigo lile lile kila mara. Ukikanyaga mafuta ili ulipite lori la chumvi linalotoka Gongoni, gari husita, hujikaza, na mwendo hauongezeki. Petroli huisha upesi kuliko kawaida, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Mafundi husema injini "inamisi", nami nitalitumia neno hilo kwa sababu ndilo linaloeleweka katika kila gereji kuanzia Malindi mjini hadi Mambrui.

Ninaandika kuhusu injini za petroli pekee, kwa kuwa dizeli haina plagi za cheche na uchunguzi wake hufuata njia nyingine. Mfano wangu utakuwa injini ya 1NZ-FE ya Toyota, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, ambayo imo katika Probox na Fielder nyingi tunazoziona barabarani hapa. Lakini utaratibu ni ule ule kwa injini nyingi za Kijapani zenye koili moja, yaani kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi itoe cheche, juu ya kila plagi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwishoni mwa masika, Probox yangu ilianza kumisi. Fundi mmoja aliisikiliza kwa dakika moja, akaniambia kwamba koili zimekufa, nami nikanunua nne mpya kwa fedha nilizokuwa nimezitenga kwa jambo jingine. Gari liliendelea kumisi vile vile. Siku ya tatu mzee wa mtaani kwetu, ambaye kwa miaka mingi alitengeneza magari na mashine za boti, aliniuliza, "Mwanangu, hizo koili umezibadilisha; je, waya zinazozilisha umezitazama?" Tulikifungua kiungio cha waya cha silinda ya tatu, na ndani yake tukakuta pini moja imefunikwa na unga wa kijani, ule unaoota juu ya shaba iliyokaa karibu na bahari. Tuliisafisha, tukairudisha, na injini ikatulia. Tangu siku hiyo nimeshikilia kanuni moja: sinunui kipuri kipya kabla sijakihamishia kile cha zamani kwenye silinda nyingine na kuona kama kosa linahama pamoja nacho. Uhamishaji huo hauna gharama, na ndio kiini cha mwongozo huu.

Kila silinda inahitaji mambo matatu ili iwake: cheche inayokuja kwa wakati wake, mchanganyiko wa petroli na hewa ulio katika kiasi sahihi, na mgandamizo wa kutosha, yaani ile kompresheni inayopatikana pistoni inapopanda huku valvu zote, yaani milango ya hewa na moshi, zimefungwa. Likikosekana moja, silinda hailipuki. Kazi yako, basi, ni kuuliza maswali mawili kwa mpangilio: ni silinda ipi, na imekosa nini? Anayeruka swali la kwanza hujikuta akibadilisha vitu vinne badala ya kimoja, na anayeruka la pili hubadilisha kisichokuwa na kosa.

Kabla ya kushika spana

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha polepole hadi nyumbani. Ikiwa inapepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo, legeza mguu mara moja, egesha gari mahali salama na uzime. Kupepesa huko ni onyo kwamba petroli nyingi isiyochomwa inaingia katika kisafishaji cha moshi kilicho kwenye ekzosi, ambacho wengine hukiita masega kwa sababu ndani yake kina vijitundu kama vya sega la nyuki. Petroli hiyo huwakia humo ndani, masega hupata joto kali kiasi cha kuyeyuka, na baadaye huziba njia ya moshi. Kulivuta gari kwa kamba hadi mjini ni nafuu kuliko kukibadilisha kifaa hicho. Kwa sababu ya joto hilo hilo, usiliegeshe gari linalomisi juu ya majani makavu ya mivinje, ambayo yametapakaa kila mahali ukielekea ufukweni na hushika moto upesi.

Iache injini ipoe kabisa kabla ya kufungua plagi, kwa maana hedi ya injini hizi, yaani kichwa kinachofunika silinda, ni ya aluminiamu, na plagi ikilazimishwa wakati wa joto inaweza kutoka pamoja na nyuzi za tundu lake. Usiufungue mfuniko wa rejeta yenye moto. Usiishike koili kwa mkono injini ikiwa inazunguka, wala usiichomoe juu ya plagi yake katika hali hiyo: volti zinazotoka humo ni makumi ya maelfu, na mbali na kukudhuru wewe, cheche iliyokosa njia yake hutafuta nyingine na kuiua saketi iliyo ndani ya koili.

Kuitafuta silinda

Njia rahisi ni kusoma misimbo ya kompyuta ya gari. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi yenye nafasi za pini 16 ambamo huchomekwa kisomeo. Siku hizi vipo vidogo vinavyoungana na simu kwa Bluetooth, ingawa baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa hayaelewani na visomeo hivyo vya bei nafuu, na hapo itakubidi uende kwa fundi mwenye mashine kamili. Msimbo P0301 una maana kwamba kompyuta imeona silinda ya 1 ikimisi, P0302 ni silinda ya 2, na kuendelea hivyo hadi P0304. Msimbo P0300 una maana kwamba kosa halijatulia kwenye silinda moja. Katika 1NZ-FE silinda ya 1 ni ile iliyo upande wa mikanda na cheni ya taimingi, ambao kwa magari yetu yenye usukani kulia ni upande wa dereva.

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nitalieleza polepole. Kompyuta haiioni cheche wala haiipimi petroli inayoingia kwenye silinda. Inachokifanya ni kupima mwendo wa krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na pale inapoona mzunguko umepungua kasi katika zamu ya silinda fulani, huandika kwamba silinda hiyo haikusukuma. Kwa sababu hiyo P0303 hausemi kwamba koili ya 3 imeharibika. Unasema silinda ya 3 haikufanya kazi yake, na sababu inaweza kuwa koili, plagi, injekta (kifaa kinachopuliza petroli), waya, au valvu iliyoungua. Atakayekuuzia koili kwa kuusoma msimbo huo peke yake anabahatisha kwa fedha zako.

Usipokuwa na kisomeo, iache injini izunguke bila kukanyaga mafuta, kisha chomoa kiungio cha waya cha injekta moja, sikiliza kwa sekunde chache, kirudishe, na uende kwenye nyingine. Ukiichomoa injekta ya silinda nzima, injini itashuka na kutetemeka zaidi. Ukiichomoa ya silinda mbovu, hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa silinda hiyo haikuwa ikichangia chochote. Ninapendekeza injekta badala ya koili kwa sababu ukiikata injekta unaikata petroli pia, na masega hayapati mzigo. Ikiwa injekta za gari lako zimefichwa chini ya manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na hazifikiki, tafuta kisomeo.

Lipo jambo la kuhakikisha mapema: je, kweli injini inamisi? Mpira wa kushikilia injini ukipasuka, gari hutetemeka likisimama, lakini sauti ya ekzosi hubaki laini na nguvu haipungui. Weka kiganja nyuma ya mdomo wa ekzosi, mahali ambapo hewa haiunguzi, uhisi mapigo yake. Yakiwa sawasawa, kagua mipira kwanza.

Maji, mchanga na chumvi

Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyingine utakupeleka moja kwa moja kwenye plagi. Kwa gari linaloishi Malindi mimi huanza na viungio vya waya na visima vya plagi, yaani mashimo ambamo plagi hukaa, kwa kuwa hewa ya hapa ina chumvi mwaka mzima, na pepo za kusi zinapovuma huileta hadi ndani ya boneti ya gari lililoegeshwa karibu na ufuo. Magari ya nyumba za wageni, ambayo hufungiwa kuanzia Aprili hadi wageni watakaporudi, ndiyo huumia zaidi, kwa maana injini isiyopata joto haikaushi unyevu wake.

Zima injini na uondoe ufunguo. Ondoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini, kisha bonyeza kishikizo cha kila kiungio cha koili na ukivute kwa upole. Plastiki iliyozeeka kwa joto huvunjika, na kiungio kisichobana tena kitakuletea kosa linalokuja na kuondoka. Angaza tochi ndani. Pini safi hung'aa. Ukiona unga wa kijani au mweupe, au pini iliyopinda na kurudi ndani, hapo umepata kitu. Puliza dawa ya kusafishia viungio vya umeme, sugua taratibu kwa brashi laini, acha ikauke, upake grisi kidogo ya silikoni kwenye mpira wa kuzibia maji, kisha urudishe mpaka usikie kishikizo kimelia. Usitumie petroli kusafishia, na usikwangue pini kwa kisu, kwa sababu ukiutoa utando wake wa juu, kutu itarudi upesi kuliko ilivyokuja.

Ukiwa na mita ya umeme, washa swichi bila kuwasha injini, na upime kati ya waya wa umeme na waya wa ardhi kwenye kiungio cha koili; unapaswa kupata volti zinazokaribiana na za betri. Ukikosa, koili haina hatia, na uifuate waya hadi fyuzi. Wakati huo huo pitisha vidole kwenye waya zenyewe, kwa maana panya wa shambani hupenda joto la injini na hutafuna.

Kisha fungua skrubu ya namba 10 inayoshikilia koili, izungushe koili kidogo ili mpira wake uachie, na uitoe. Tazama ndani ya kisima. Maji yaliyotuama humo mara nyingi hutokana na kuosha injini kwa mashine ya presha, au kupita katika madimbwi wakati wa mvua, na huipitishia cheche njia ya mkato kwenda kwenye chuma kabla haijafika kwenye plagi. Yanyonye kwa kitambaa, kausha kwa upepo wa kompresa, na kausha mpira wa koili pia. Magari kadhaa niliyoitwa kuyatazama asubuhi baada ya kuoshwa yalipona kwa hatua hiyo tu. Ukikuta oili badala ya maji, gasketi ya kifuniko cha valvu pamoja na mipira ya visima imechoka. Oili huulainisha mpira wa koili mpaka ukapasuka, kwa hiyo kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi ni kuirudisha mpya kwenye kaburi la ile ya zamani. Na ukiona mchanga, upulize wote kabla hujaifungua plagi. Chembe zitakazodondokea ndani ya silinda zitakwangua kuta zake.

Kuhamisha na kutazama

Chukulia kwamba msimbo ni P0303 na viungio ni safi. Iondoe koili ya silinda ya 3 na uipeleke kwenye 1, na ile ya 1 uilete kwenye 3. Futa misimbo, washa, na uendeshe mpaka kosa lijitokeze tena. Msimbo ukiwa sasa P0301, kosa limehama na koili, nawe unanunua koili moja tu ukiwa na hakika. Ukibaki P0303, koili ni nzima. Hapo hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo, na baadaye injekta ikiwa inafikika. Hamisha kitu kimoja kila mara. Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja na kosa likahama, hutajua ni ipi kati ya hizo mbili. Kuipima koili hizi zenye waya nne kwa kipimo cha ohmu hakusaidii sana, kwa kuwa saketi iliyo ndani huficha hali yake, na koili nyingi hushindwa zikipata joto tu.

Plagi ikiwa mkononi, isome. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda iliyo salama. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli imezidi hewa. Ncha iliyolowa petroli inaonyesha petroli inafika ila cheche haiji au ni dhaifu. Oili nyeusi inayong'aa inatoka kwenye ringi za pistoni au mipira ya valvu, na plagi mpya itakupa wiki chache tu za nafuu. Weupe na malengelenge ni dalili ya joto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu hewa imezidi. Plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, inakutaka uangalie maji ya rejeta: yakipungua bila kuvuja nje na ekzosi ikatoa moshi mweupe hata injini ikiwa moto, gasketi ya hedi inapitisha maji. Tazama pia kaure, ile sehemu nyeupe ya plagi, kama ina ufa mwembamba au mstari mweusi ulioshuka kwa urefu.

Plagi mpya iwe ya namba inayotakiwa na mtengenezaji. Ikiwa ni ya iridiamu, usiipige brashi ya waya wala usiupinde mdomo wake, kwa maana ncha yake ni nyembamba sana na huvunjika. Anza kuifunga kwa vidole, au kwa kipande cha mpira kilichovikwa juu yake, ili ukihisi inakataa usiweze kuilazimisha. Ikigusa chini, plagi mpya yenye washa huongezwa nusu hadi theluthi mbili za mzunguko kwa spana. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu, kipimo cha 1NZ-FE ni Nm 18. Aliyefunga kwa nguvu zake zote huiona hasara siku ya kufungua.

Cheche ikiwepo na silinda bado haiwaki

Sasa ulizia petroli na hewa. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na mpini wake sikioni. Kila injekta inapaswa kulia tik-tik kwa mwendo sawa. Iliyo kimya haifunguki, ama kwa kukosa umeme au kwa kukwama. Injekta nyingi za aina hii husoma ohmu 12 hadi 16. Inayolia lakini silinda ikaendelea kumisi huenda imeziba, hasa katika gari lililolala miezi mingi na petroli ile ile ndani ya tangi. Kabla ya kufungua injekta katika gari kama hilo, ondoa petroli ya zamani na ujaze mpya.

Hewa ya wizi, yaani ile isiyopita njia yake, huingia kupitia mipira ya hewa iliyopasuka na gasketi ya manifoldi. Mara nyingi utasikia mvumo mwembamba, na injini itamisi ikizunguka polepole kisha itatulia ukikanyaga mafuta, tofauti na koili dhaifu ambayo huonekana zaidi gari likiwa na mzigo. Msimbo P0171, unaosema hewa imezidi, ukiambatana na P0300, unaelekeza huko. Ibane mipira kwa vidole mmoja mmoja na usikilize kama injini inabadilika. Baadhi ya watu hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo, lakini dawa hiyo hushika moto karibu na ekzosi, nami siifundishi. Kosa likizunguka silinda zote, fikiria vinavyotumiwa na zote: petroli yenye maji, pampu dhaifu, sensa ya hewa iliyochafuka kwa sababu ya kichujio kilichojaa vumbi la barabara za mchanga.

Ikiwa cheche ipo na petroli ipo, pima kompresheni. Pasha injini moto, zima, iache ipoe kiasi cha kuvua plagi bila kuzilazimisha, vua plagi zote, kata umeme wa koili na injekta, funga geji katika tundu, kanyaga mafuta hadi mwisho, na uzungushe kwa stata sekunde tano hivi betri ikiwa imejaa. Tofauti kati ya silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, sababu imepatikana. Mwagia kijiko cha oili ya injini ndani yake na upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi zimechoka. Kisipopanda, valvu haifungi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yao. Kazi hizi ni za gereji, nawe utaingia huko ukiwa na namba zilizoandikwa kwenye karatasi.

Baada ya ukarabati wowote, futa misimbo na uliendeshe gari kwa mwendo mchanganyiko, hadi Gede na kurudi, umbali wa kilomita 30 hivi, ukiwa umewasha kiyoyozi ili injini ibebe mzigo. Ukifika, isikilize ikizunguka bila kukanyagwa, soma misimbo tena hata kama taa haijawaka, na ukague kama visima vya plagi vimebaki vikavu.